Mkono wa Chuma Umekwama

"Mgonjwa amekwama mkono," sauti ilisema kwenye simu. "Wenyewe wanatafuta daktari."

"Daktari yuko tayari," Sindano alijibu.

"Amesoma?"

"Wiki mbili."

 Mkuu wa kitengo cha upelelezi, ndiye aliyepiga, hakuwa mtu wa kucheka, ila safari hii alikaribia.

"Sikiliza," alisema. "Kuna mama mmoja mle ndani. Ndiye wanayemlazimisha kuendesha mashine. Lango lao ni chuma kitupu. Tukianza kulivunja, watakuwa wameshammaliza kabla hatujaingiza mguu. Kwa hiyo lango lifunguliwe kutoka ndani. Likifunguka, tunaingia."

"Lisipofunguka?"

"Hatukujui."

Simu ikakatika.

Sindano hakushangaa. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu ya wembamba wake, na kwa sababu kila palipokuwa hapapitiki, yeye ndiye aliyepitishwa. Kitengo kilikuwa kimeitegea sikio simu ya kiwanda kimoja chenye bango la vipuri vya pampu za maji. Vipuri vilivyotoka mle havikuwahi kuvuta maji popote. Vilikuwa vyuma vya tumboni mwa bunduki za rashasha, vikisafirishwa nje kwenye masanduku ya pampu. Kwa wiki mbili Sindano alikuwa amesomeshwa mashine ya kuvichonga, wakisubiri siku iharibike. Asubuhi hiyo ilikwama, bosi wa kiwanda akapiga simu kuita fundi, na simu ikapokelewa na watu wa kitengo kabla haijamfikia fundi yeyote.

Akavaa ovaroli ya bluu. Glock 19 yake akaiacha kwenye droo, akajisikia yuko uchi. Akapanda Toyota Hilux ya kuazima, sanduku la spana likigongagonga nyuma, akaenda kutibu.

Langoni alipokelewa na mlinzi mwenye kidevu kirefu kuliko haja. Wenzake walimwita Kidevu, na hakuna aliyeweza kuwalaumu. Kidevu alimpapasa kuanzia kola hadi soksi. Akachukua simu. Akafungua sanduku, akatoa mita ya umeme ya njano, Fluke, akaitikisa.

"Hii nini?"

"Ya kupimia umeme. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, shika waya huu nikuchomeke."

Kidevu akairudisha haraka. Hakujua kuwa swichi yake ya duara ikizungushwa hadi mwisho, kila neno linalosemwa karibu nayo linasikika ndani ya gari moja lililoegeshwa nyuma ya ukuta wa jirani. Kusikia tu. Wao kumjibu hawakuweza.

Hilux ikaingia. Redio ya Motorola iliyokuwa kifuani kwa Kidevu ikakoroma.

"Fungua lango! Upesi, fungua!"

Kidevu akabonyeza kitufe. Lango likajifunga nyuma ya Sindano, likagota ukutani kwa kishindo.

"Si amesema fungua?" Sindano aliuliza.

Kidevu akacheka hadi mabega. "Huyo ndiye bosi wetu. Kiswahili kakisoma kitabuni, na hayo maneno mawili kayageuza. Akisema fungua, wewe funga. Akisema funga, fungua. Sisi tumeshazoea."

"Sasa kwa nini hamumwambii?"

"Aliyemwambia alizabwa kofi mbele ya watu. Tangu siku hiyo kila mtu anatafsiri kimoyomoyo." Akagonga vitufe vya kibandani mwake kwa fahari. "Milango yote iko mkononi mwangu. Lango, chumba cha mashine, stoo. Nikikosea tafsiri, fundi, hulali kwako leo."

Alisema kwa utani. Sindano alicheka naye, kisha akageuka kulitazama lango. Halikuwa na kufuli wala komeo. Lilikuwa ukuta unaotembea.

Ameingia. Kutoka ilikuwa habari nyingine.

Chumba cha mashine hakikuwa na dirisha. Kilinuka mafuta na chuma kilichoungua. Katikati ilisimama mashine ya CNC, ya kuchonga chuma kwa kompyuta, kubwa kama kontena dogo, yenye mlango wa kioo kinene cha plastiki ambacho hata kikatio kikivunjika kwa kasi hakikitoboi. Bosi alisimama kando ya paneli ya vitufe, bastola kiunoni, glavu nyeupe mikononi. Glavu hizo hakuwahi kuzivua mbele ya mtu, kwa hiyo nyuma ya mgongo wake aliitwa Glavu.

"Fundi," alisema. "Mashine yangu ni mgonjwa. Sanduku moja limebaki. Lori linakuja leo. Wewe tengeneza, wewe nenda nyumbani."

"Na nisipoweza?"

"Wewe usiende nyumbani."

Kwenye benchi alikaa mwanamke wa makamo, mikono imejaa makovu madogo ya chenga za chuma. Mguuni alikuwa na mnyororo. Urefu wake ulimfikisha kwenye mlango wa mashine, basi. Paneli ilikuwa hatua moja zaidi, na hatua hiyo hakuruhusiwa kuwa nayo.

"Huyu ni Mama Pacha," Glavu alisema. "Yeye aliendesha. Sasa mimi simwamini. Vitufe nabonyeza mimi."

Mama Pacha alimtazama Sindano kwa chuki ambayo hakuielewa. Bado.

Akafungua mlango wa mashine, akachungulia. Ugonjwa ulikuwa unaonekana hata kwa daktari wa wiki mbili. Mashine ile ilikuwa na kichwa kinachozunguka, ambacho hushika kikatio kimoja kwa wakati. Pembeni, sahani kubwa ya duara ilibeba vikatio vingine vikisubiri zamu. Kati ya kichwa na sahani kulikuwa na mkono wa chuma wenye makucha huku na huku. Kazi yake ni kuchukua kikatio cha zamani upande huu na kipya upande ule, kugeuka nusu mzunguko, na kubadilishana. Ukiwa mzima, unafanya hivyo kabla hujapepesa jicho.

Sasa ulikuwa umesimama katikati, kikatio kila upande, kama mtu aliyefika mlangoni na ndoo mbili na hana mkono wa kufungulia.

Akaanza alipofundishwa kuanzia. Upepo wa kompresa: upo. Mafuta: yapo. Kichwa kimesimama sawasawa, hakikupinda. Akaitoa Fluke, akazungusha swichi hadi mwisho.

"Mgonjwa yuko hai," alisema kwa sauti, kana kwamba anaongea na mashine. "Amefungwa mguu. Mlango mmoja tu. Dirisha hakuna."

"Unasema nini?" Glavu aliuliza.

"Mafundi tunaongea na mashine, bosi. Ukinyamaza inakununia."

Akainama kwenye sensa, kile kijicho cha umeme kinachoiambia mashine kuwa mkono umerudi nyumbani. Taa yake ilikuwa inawaka. Mkono uko katikati ya safari, na sensa inaapa kuwa uko nyumbani umelala.

Sensa inadanganya.

Akapitisha kidole. Chini ya grisi akakuta karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri na kubandikwa juu ya kijicho. Sensa ile ilikuwa inaona chuma cha karatasi na kudhani ni mkono. Uchafu haujikunji hivyo. Huo ulikuwa ufundi wa mtu.

Alipoinua macho, Mama Pacha alikuwa anamwangalia kidole.

Simu ya Glavu ikalia. Akasogea hadi mlangoni, akaanza kubishana na mtu kwa lugha ya kwao.

"Umeona nini?" Mama Pacha alinong'ona.

"Uchafu."

"Uchafu huo ndio roho yangu, kaka. Sanduku la mwisho likijaa, mimi sina kazi tena humu. Unadhani watanipa nauli?"

Ndipo akaielewa ile chuki. Kwa mama huyu, yeye hakuwa fundi. Alikuwa mtu aliyekuja kumuua kwa bisibisi.

"Wanangu wawili wako kwa mdogo wangu," aliendelea, mdomo haupanuki. "Huyu mtu aliniandikisha ujumbe. Kwamba nimepata kazi mbali, nisitafutwe. Watoto wanadhani nimewatupa. Nikifa humu, ndiyo hivyo tena, mama yao aliwatupa."

Sindano alikaza spana ambayo haikuhitaji kukazwa. Alitaka kumwambia ukweli, akaogopa uso wa mama ungebadilika na Glavu akashtuka. Akamwambia nusu.

"Mama, nikikwambia ingia ndani ya mashine, utaingia?"

Mama Pacha akamkazia macho. "Wewe si fundi."

"Wiki mbili."

"Nilijua. Spana unaishika kama kijiko."

Glavu alirudi, uso umekunjamana. Lori lilikuwa limeshaanza safari.

Sindano hakuwa na jinsi. Asipotengeneza, wanakufa wote wawili papo hapo. Akitengeneza, wanakufa sanduku likijaa. Kichwa chake kilizunguka kote kikarudi pale pale. Akaibandua karatasi, akaificha kwenye mkunjo wa mkono wa ovaroli. Akaiachilia breki ya mkono wa chuma ili auzungushe kwa nguvu zake, akavitoa vikatio kwenye makucha kimoja kimoja, akakipandisha cha kwanza kwenye kichwa cha mashine, akikizungushia vidole.

"Bosi, kichwa kiachie niingize kikatio. Bonyeza fungua."

Glavu akabonyeza kwa kujiamini.

Kichwa kikavuta. Kikatio kikaruka juu kama kimenyonywa, na vidole viwili vya Sindano vikabanwa kati ya chuma na chuma.

"Fungua! Bosi, fungua!"

Glavu akabonyeza kile kile, kwa nguvu zaidi.

Giza likampita Sindano machoni. Akavuta, vidole havikuja. Alikuwa ameinama ndani ya mashine, mkono juu, amenaswa kama panya, na mtu pekee wa kumwokoa alikuwa anazidi kumbana kwa moyo mmoja. Mama Pacha akaruka kutoka kwenye benchi. Mnyororo ukamkata hatua moja kabla ya paneli.

"Kingine!" alipiga kelele. "Bonyeza kile kingine!"

Kichwa kikaachia. Sindano akakaa sakafuni, kaukumbatia mkono wake kama mtoto. Kucha mbili zilikuwa zimegeuka zambarau.

Na hapo sakafuni, machozi yakimlenga, akaona mlango wa kutokea.

Hakuna aliyewahi kumfundisha bosi huyu tofauti ya maneno yale. Walinzi wake wote walikuwa wanatafsiri. Je, siku moja akisema sawasawa?

Alisimama taratibu. "Bosi, Kiswahili chako kinapita cha watu wengi niliowafanyia kazi."

"Najua."

"Ila umekosea neno moja. Mimi nina vidole vingine, sawa. Kichwa hiki hakina mwenzake. Ukikosea tena kitavunjika, na lori litaondoka na hewa."

Mkono wa Glavu ulikwenda kiunoni. Mama Pacha akafumba macho. Kisha Glavu akaitazama mashine, akalitazama sanduku lililokuwa halijajaa, na mkono ukarudi.

"Sema."

"Funga ni fupi. Kubana. Kuzuia. Fungua ni ndefu, ina mkia. Kufungua kuna kazi zaidi, ndiyo maana neno limeongezewa."

"Funga, kubana," Glavu alisema. "Fungua, mkia."

"Umepatia. Twende. Fungua!"

Alibonyeza. Kichwa kikaachia.

"Funga!"

Kikabana.

Wakarudia. Kila kikatio kilipopanda, Sindano aliita neno, Glavu akalirudia na kubonyeza. Alipokosea, Sindano alipiga ukelele kama amekatwa mkono, hata pale ambapo vidole vyake vilikuwa mbali. Mama Pacha alishangaa kwanza, kisha akashika wimbo. "Siyo hiyo, bosi! Mkia, bosi, mkia!" Hakuna mwanafunzi aliyewahi kusimamiwa vile. Glavu alianza kutabasamu kila alipopata, kama mtoto anayesubiri kusifiwa, na Sindano alimsifu bila uchoyo.

"Mashine sasa ni mzima?" Glavu aliuliza hatimaye.

"Nimalizie kuweka breki tu."

Breki hakuigusa.

Nje, honi ya lori ikalia.

Glavu akachomoa Motorola.  Akisema "fungua" kwa usahihi aliofundishwa, Kidevu angelibana lango, lori lingeendelea kupiga honi, na ndani ya dakika moja watu wangeulizana kulikoni. Silaha yake pekee ingegundulika kabla haijatumika.

Glavu akaweka kidole kwenye kitufe cha redio.

"Bosi," Sindano alisema kwa utulivu. "Lori hilo si lako."

"Nini?"

"Na mimi si fundi. Watu wangu wako nje ya ukuta wako. Mama, ingia!"

Mama Pacha hakungoja aambiwe mara mbili. Akajitupa ndani ya mashine, mnyororo ukinguruma nyuma yake. Sindano akamfuata, akauvuta mlango hadi ukaubana mnyororo. Risasi ya kwanza ilitua kwenye kioo kinene ikaacha duara jeupe. Ya pili ikatua kando yake. Kioo kikalia, kikashika.

Sasa walikuwa wamejifungia wenyewe ndani ya sanduku la chuma, magoti kwa magoti, maji ya kupoozea yakiwaloanisha makalio. Pa kukimbilia hapakuwepo tena. Kilichobaki kilikuwa neno moja kinywani mwa mtu mwingine.

Mtu akishikwa na hofu hurudia alivyozoea. Sindano alilijua hilo, na lilimtoa jasho.

Glavu aliinua redio mdomoni. "Fungu—"

Akasita.

Mama Pacha akamshika Sindano mkono, ule wenye vidole vilivyovimba. Sindano akavumilia.

"Funga!" Glavu alipaza sauti, kila herufi mahali pake. "Funga lango! Funga milango yote! Funga!"

Kule kibandani, Kidevu alilisikia vizuri sana. Akatafsiri kimoyomoyo kama kila siku. Akaona ajabu kidogo, lakini kazi yake haikuwa kuona ajabu.

Akabonyeza vitufe vyote.

Mlango wa chumba cha mashine ukaachia. Stoo ikaachia. Na mbali, ukuta unaotembea ukaanza kutembea. Milio ya injini ikaingia uani. Sio ya lori. Land Cruiser, tena zaidi ya moja.

"Nimesema funga!" Glavu alilia kwenye redio.

"Nimeshafungua, bosi!" redio ikajibu kwa utiifu.

Glavu akaitupa. Akaelewa, au hakuelewa, Sindano hakujua kamwe. Akazunguka mashine mbio hadi upande wa sahani ya vikatio, ambako hapakuwa na kioo, ila uwazi wa mkono wa chuma kupita. Akapenyeza bastola. Mdomo mweusi wa chuma, kisha glavu nyeupe, kisha jicho lake nyuma, likimtafuta Mama Pacha.

Mkono wa chuma ulikuwa hauna breki. Sindano akausukuma kwa bega na kwa uzito wake wote, ukageuka nusu mzunguko kama ulivyozaliwa kufanya. Kucha likakikuta kifundo cha mkono wa Glavu, likakibana kwenye fremu. Bastola ikadondoka ndani ya maji ya kupoozea.

Glavu akapiga yowe. Akavuta, mkono haukuja.

"Fungua!" alisema. "Fungua, tafadhali!"

"Umepatia, bosi," Sindano alisema. "Subiri kidogo."

Askari wa kitengo waliwakuta hivyo. Kidevu alikuwa ameshalazwa kifudifudi uani, akilalamika kwa kila aliyempita kwamba yeye alifanya alichoambiwa, na kwamba miaka yote hajawahi kukosea tafsiri. Masanduku ya pampu yalikuwa yamepangwa stoo yakisubiri. Dereva wa lori alikuwa amenyoosha mikono juu tangu zamani, hakuna aliyemwambia aishushe.

Mkuu wa kitengo alichungulia ndani ya mashine, akamtazama Sindano aliyelowa chapachapa.

"Lango limefunguliwa na nani?"

"Na bosi mwenyewe."

"Ulimlazimisha?"

"Nilimfundisha Kiswahili."

Mkuu akaagiza mkasi wa chuma uletwe. 

Mnyororo ulikatwa. Mama Pacha alisimama uani kwenye jua la mchana, akijikinga macho kwa kiganja, asijue aanze kutembea na mguu upi. Mguu uliokuwa na mnyororo aliuinua juu kupita kiasi, kama bado una uzito. Askari mmoja akampa simu. Ilimchukua muda kubonyeza namba ya mdogo wake.

"Haloo," sauti ndogo ikapokea.

"Haloo, mwanangu. Mama yupo?" Akajishangaa kwa alichosema, akaziba mdomo.

"Mama hayupo," mtoto alisema kwa sauti ya kukariri. "Amesafiri."

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mama yako."

 Mama Pacha akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anasubiri hukumu, na uso wake ulikuwa na hofu kuliko ulivyokuwa mbele ya bastola.

"Hukututupa?" mtoto akauliza.

"Sikuwatupa. Walinizuia. Nakuja sasa hivi, sikieni, nakuja."

Upande wa pili kikaanguka kitu, labda sufuria, labda kiti, na sauti ndogo ikapiga kelele ya kumwita mwenzake nyumba nzima isikie. Kelele hiyo ilitoka kwenye simu ikafika hadi langoni, ambako Sindano alikuwa anapita na sanduku lake la spana. Hakugeuka. Akakaza mwendo.

"Sindano!" Mkuu aliita nyuma yake. "Vidole hivyo viende hospitali!"

Akapunga mkono mzima bila kuangalia nyuma, akavuka barabara, akaingia duka la kwanza lenye friji akaomba barafu.